Darasa la Sauti Tupu

Mwaka nilioanza shahada ya uzamili nilikuwa nimehamia kwa mama, Ngulyati. Nyonga ilikuwa inamsumbua, na hakutaka hata kusikia habari ya kuja kukaa nami mjini Bariadi. Asubuhi nilipanda pikipiki kwenda kufundisha Kiswahili sekondari, mchana nikarudi na vumbi kichwani, na alasiri, jua likianza kulegea, mimi mwenyewe nikawa mwanafunzi.

Chuo kilikuwa Mwanza, lakini somo la uandishi wa utafiti lilifundishwa mtandaoni. Wanafunzi karibu wote tulikuwa walimu, tumetapakaa mikoa ya Kanda ya Ziwa, kila mtu na kituo chake na watoto wake. Tulitumiwa linki, tukaambiwa tutafute mahali penye utulivu na mtandao mzuri. Ndani ya nyumba ya mama mtandao haukuingia. Ulipatikana nyuma ya nyumba, juu ya jabali pana ambalo mama analitumia kuanikia michembe. Basi nikawa napanda na kigoda, laptopu, na khanga ya kujifunika kichwa, nakaa katikati ya vipande vya viazi vinavyokauka juani, nasubiri sauti.

Sikulipenda somo lile. Yaliyofundishwa yalikuwa mazuri, namna ndiyo ilinichosha. Mimi nimefundisha kwa chaki miaka mingi, na darasa nalisoma kwa macho. Mtoto asiyeelewa namjua kwa jinsi anavyoshika kalamu. Anayejifanya ameelewa namjua kwa jinsi anavyotikisa kichwa haraka. Sasa nilikuwa nimegeuka kisanduku cheusi chenye jina, kati ya visanduku vingine vyeusi. Kufundishwa kuandika utafiti kwa njia ile niliona ni sawa na kufundishwa kusonga ugali kwa redio.

Mhadhiri wetu alikuwa mama mmoja, tukimwita Daktari. Uso wake hatukuwahi kuuona. Alisema mtandao wa kwake haubebi picha. Sauti yake ilikuwa nzito, ya polepole, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi kutoka usingizi wa mchana, na mimi pale juu ya jabali lenye joto ilinilewesha. Chini yangu pamba ilikuwa imetoa maua, njiwa wanalia, harufu ya viazi inapanda, na sauti inasema kwamba tatizo la utafiti lazima liwe na mipaka, kwamba shamba lisilo na mpaka halilimiki. Kuna siku nilisinzia, nikaota Daktari anatembea katikati ya pamba, amevaa gauni refu, ananyoosha kidole kwenye kila ua na kuuliza, "Na hili, chanzo chake ni nini?" Nilipozinduka alikuwa bado anazungumza, na sikujua kipi nilikiota na kipi alikifundisha.

Kila alipoanza kipindi aliuliza, "Mnanisikia?" Hakuna aliyefungua kinywa. Tuliandika tu pale pembeni: Ndiyo Daktari. Ndiyo Daktari. Ndiyo Daktari. Naye akaendelea, anaongea peke yake kama mtu anayesali.

Aliyeshindwa kuvumilia hali ile ni mama. Alikuwa anapanda jabalini kugeuza michembe yake, anainama kwa shida, mkono mmoja kiunoni, huku anasikiliza. Kiswahili chake ni cha sokoni na kanisani. Siku moja akaniuliza kwa Kisukuma, "Huyo mama anauliza kila siku kama mnamsikia. Mbona hamumwitikii? Mnamwonea."

"Tunamwitikia kwa kuandika, mama."

"Kwa kuandika?" Akanitazama kama niliyemwambia kuwa huwa tunakula kwa kuandika. Halafu, kabla sijajua anataka nini, akainama mbele ya laptopu na kupaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto: "Mwadila, mayu!"

Maiki yangu ilikuwa wazi. Sijui niliifungua saa ngapi; pengine kidole kiligusa wakati nasogeza kigoda. Salamu ya mama ilikwenda yote, nzima nzima, hadi masikioni mwa kila mtu. Daktari akakatiza sentensi yake. Nilitamani jabali lipasuke linifiche.

Kisha kisanduku kimoja kikawaka, sauti ya mwanamume ikasema, "Mwadila mayu, mhola?" Kikawaka kingine: "Mwadila!" Na kingine, na kingine. Watu ambao tangu muhula uanze sikuwahi kuwasikia wakiguna walikuwa wanamwamkia mama yangu, na mama anawajibu mmoja mmoja, "Mhola duhu, mhola duhu," salama tu, kama aliyekaa mlangoni mwake watu wanapita kutoka kanisani. Daktari, ambaye si Msukuma, alicheka hadi akakohoa. "Mwambieni huyo mama shikamoo," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza najua nina darasa."

Jioni ile simu ikaita, namba nisiyoijua. Msichana, au mwanamke kijana. "Shikamoo dada. Mimi ni mmoja wa darasani. Niko Malampaka, nafundisha shule ya msingi. Namba yako nimeitoa kwenye kundi letu la simu. Nimekupigia kukushukuru kwa ajili ya mama. Nimemkumbuka wa kwangu."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Sauti yake ilikuwa nyembamba, tulivu, inateleza. Aliniita dada, nami nikamwita mdogo wangu. Kila alasiri ambayo haikuwa na kipindi tulisomeana kazi zetu kwa simu, aya moja moja. Mimi nilikuwa nachunguza jinsi watoto wanaoongea Kisukuma nyumbani wanavyoandika insha za Kiswahili. Yeye alikuwa anakusanya majina ambayo wafugaji huwapa ng'ombe wao kwa rangi, kwa pembe na kwa tabia. Aliponisomea, nilifumba macho. Mara nyingine katikati ya sentensi yake treni ya mizigo ilipita huko kwake, nyumba yake ikiwa karibu na stesheni, na mimi niliyekaa Ngulyati nilisikia behewa baada ya behewa likipita ndani ya sikio langu, na yeye ananyamaza, nami nanyamaza, hadi behewa la mwisho lipotee, kisha anaendelea pale pale alipoishia.

Daktari alipoturudishia mapendekezo yetu ya utafiti ya kwanza, la kwangu lilikuwa jekundu kama lililomwagikiwa mchuzi wa nyanya. Pembeni ameandika: Hapa maneno mengi, hoja haionekani. Nani anasema hivi, wewe au wao? Sentensi hii imechoka. Mimi mwalimu wa Kiswahili, wa kuambiwa sentensi imechoka! Nilizima laptopu, nikampigia mwenzangu nikamwambia naacha. "Kama ningekuwa mbele yake asingeniandikia hivi," nilisema. "Angeniona. Angejua huyu ni mtu mzima, ana mgonjwa nyumbani, anasahihisha madaftari ya watoto kabla hajagusa yake. Mtandaoni hakuoni. Unakuwa maandishi tu."

"Dada, mimi hapo ndipo ninapopapenda," alisema. "Anasahihisha sentensi, hakusahihishi wewe. Mimi maisha yangu yote watu wamenisahihisha mimi kabla ya sentensi."

Sikumwelewa. Nilidhani anasema kwa unyenyekevu tu. Lakini nilifungua tena laptopu, na tulikaa na zile alama nyekundu alasiri nyingi, tukizing'oa moja moja kama magugu.

Likizo ilipofika, dada yangu alikuja kumchukua mama akapumzike kwake Nkoma. Nyumba ikabaki kimya. Nikamwambia mwenzangu, "Nakuja Malampaka. Tuandike pamoja, ana kwa ana, kama watu." Akasema, "Njoo, dada," na nilichoshangaa ni kwamba sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilijikwaa kidogo.

Alinipokea mlangoni kwake. Mwembamba, mrefu kuliko nilivyomchora kichwani, nywele amesuka mistari. Alinishika mikono yote miwili, akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Shingo ilikakamaa, jicho moja likafumba. "Ka... ka... ka..."

"Karibu?" nikasema mimi. "Asante, mdogo wangu, nimekaribia."

Niliona uso wake ukishuka. Alikuwa na kigugumizi, kizito, cha kumkaba mtu mzima mzima. Na mimi, kwa muda wote ule wa kusomeana, sikuwa nimejua.

Tulikula ugali na mlenda. Alinitilia maji, nikanawa. Nilisifu mlenda, akatabasamu. Niliuliza habari za shule, akajaribu kujibu, nikajikuta naangalia sahani ili asione kama namsubiri, na kule kutomtazama nadhani kulimuumiza vilevile. Mtu ambaye nilijua hadi namna anavyovuta pumzi kabla ya nukta alikuwa amekaa mkono mmoja kutoka kwangu, na sikuwa na njia ya kumfikia.

Akakusanya vyombo, akaingia jikoni. Muda kidogo simu yangu ikatetemeka mezani. Ujumbe: Nipigie, dada.

Nilitoka nje na laptopu yangu kwapani, nikakaa kwenye gogo chini ya mwarobaini, upande wa pili wa ukuta wa jikoni, nikapiga. "Haloo dada," ikasema ile sauti, ile ile, nyembamba, inateleza. "Samahani. Ungesema mapema unakuja kunitazama ningekutayarisha."

Tulicheka, yeye ndani, mimi nje. Kisha akanieleza. Kwa watoto wa darasani kwake hagugumizi, anawaimbia, wanaitikia. Kwa ng'ombe wa baba yake hakuwahi kugugumiza hata siku moja. Alikulia machungani akiwaita majina, na ndiyo maana alichagua utafiti ule. Kwa simu, na mtu mgeni, hukwama pia. Siku aliyonipigia mara ya kwanza alikuwa ameandika yote ya kusema kwenye karatasi, akaisoma akiwa ameugeukia ukuta. Lakini macho ya watu wazima yanayomsubiri ndiyo yanayofunga koo. Shahada ya kwanza aliwasilisha kazi yake mbele ya ukumbi, na mtu fulani mstari wa mbele alimmalizia kila sentensi, kwa huruma, hadi mwisho ikawa yule mtu ndiye aliyewasilisha. "Alikosea karibu yote," alisema, "nami nikapewa alama za makosa yake."

Wakati huo treni ilikuwa inakuja. Niliisikia mara mbili, kwenye simu na kwenye ardhi chini ya miguu yangu, mara mbili kila behewa, moja mbele kidogo ya jingine, na mwarobaini ukadondosha majani juu ya laptopu. Hatukukata simu. Ilipokwisha kupita akasema, "Nisomee aya yako ya kwanza," nikamsomea, na mchana wote ule tulifanya kazi hivyo, ukuta katikati yetu. Kesho yake alileta kiti nje, akakaa akinipa mgongo. Jioni ya siku niliyoondoka aligeuka. Aliniaga kwa shida, neno kwa neno, na mimi nilisubiri, simalizi chochote.

Baadaye, muhula ulipokaribia kwisha, tangazo likaja kwenye kundi letu la simu: mawasilisho ya mapendekezo yatafanyika chuoni, ana kwa ana. Kundi likalipuka kwa furaha. Maua, makofi, hatimaye, hatimaye tutaonana. Hicho ndicho nilichokuwa nakililia tangu mwanzo. Nilitazama yale makofi ya manjano yakijipanga kwenye kioo, na nikahisi kama niliyeomba mvua ikanyesha kwenye pamba ya jirani iliyokwisha kupasuka, ikaiharibu.

Alasiri kadhaa hakunipigia. Nikamwandikia Daktari ujumbe mrefu, nikieleza hali ya mwenzangu, nikiomba yeye aruhusiwe kuwasilisha mtandaoni. Kabla ya kuutuma nilimpigia mwenzangu, nikamsomea.

"Usiutume, dada," alisema.

"Kwa nini? Si ndiyo njia uliyosema unaipenda?"

"Naipenda. Lakini usinisemee. Watu wananisemea tangu nikiwa mdogo. Hata ulipofika kwangu, 'karibu' yangu uliichukua wewe." Hakuwa na hasira, alisema taratibu, kama anayenitoa mwiba. "Kama kuna wa kuomba, nitaomba mwenyewe. Na kama nitaenda, nitaenda."

Nikaufuta.

Alikwenda. Tulikutana stendi ya Mwanza, tukaenda pamoja hadi kwenye chumba chenye meza ndefu, feni inayozunguka kwa kulalamika, na jopo la wahadhiri. Katikati yao alikaa mama mfupi, mnene, miwani mizito, kitenge cha bluu. Sikumjua hadi aliposema, "Karibuni," na ile sauti ya jabalini ikatoka ndani ya mwili ambao sikuwa nimeutarajia hata kidogo. Ilinichukua muda kuiamini, kama vile mtu mwingine alikuwa amejificha chini ya meza anaongea kwa niaba yake.

Mimi niliitwa mapema. Nilisimama, mimi mpenzi wa nyuso, nikaziona zile nyuso, zote, zimenielekea, na kila nilichokijua kikaondoka. Nilisoma maandishi yangu yaliyomulikwa ukutani kama mtoto wa darasa la kwanza, kidole karibu kinafuata mstari. Nilipomaliza, Daktari alinitazama juu ya miwani.

"Mwalimu, mtandaoni ulikuwa unaeleza vizuri zaidi."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, maana ilikuwa kweli.

Kisha wakamwita mwenzangu. Alitembea hadi mbele, akasimama, akafungua kinywa. Feni ikazunguka. Shingo ikakaza. Niliona mhadhiri mmoja akiinua kidevu, midomo imeshaanza kutengeneza neno la kumsaidia, na niliona mwenzangu naye amemwona. Aliinua kiganja, taratibu, kama anayemzuia ng'ombe mpole. Mhadhiri akafunga mdomo. Mwenzangu akachukua kiti kilichokuwa pembeni, akakibeba hadi dirishani, akakiweka kikiwa kimetugeuzia mgongo.

"Na... na... naomba," alisema, na ilimchukua muda mrefu, "ni... ni-tazame nje."

Mwenyekiti wa jopo akamgeukia Daktari. Daktari alivua miwani yake, akaiweka mezani, akakunja mikono. "Endelea, mwalimu," alisema. "Tunakusikia."

Akakaa, akatupa mgongo, akaanza. Nje ya dirisha kulikuwa na mawe makubwa yaliyobebana, mti wenye maua ya zambarau, na wanafunzi wanapita na madaftari vichwani kujikinga jua. Alizungumza nao, au na mawe, sijui. Alieleza jinsi mfugaji anavyomtazama ndama siku anayozaliwa kabla ya kumpa jina, jinsi rangi moja inavyoweza kuwa na majina mengi kulingana na mahali doa lilipo, jinsi majina yanavyopotea pale ng'ombe wanapobaki kuwa namba tu. Sauti ilikwama hapa na pale. Ilipokwama alisubiri, akaizunguka, ikaendelea. Chumba kizima kilikuwa kimesahau kuandika. Mimi nilifumba macho kama nilivyozoea, nikafumbua, nikaona na wengine wamefumba.

Walimwuliza maswali, akayajibu dirishani. Swali la mwisho liliulizwa na yule yule mhadhiri wa kidevu: atayapataje majina kutoka kwa wazee wasiotaka kuyataja mbele ya mgeni? Mwenzangu akainuka, akageuza kiti, akakaa akimwelekea yeye, macho kwa macho. Jibu lilikuwa fupi, lingemchukua mtu mwingine pumzi moja. "Ni... ni... nitakaa nao," alisema. "Si... si... sitauliza. Nita... nitachunga." Kila neno lilikuja kwa wakati wake, na sisi sote tulilingoja, na hakuna aliyemmalizia.

Tulipita wote wawili, tukiwa na marekebisho. Ya kwangu yalikuwa mengi kuliko ya kwake. Nje ya chumba wenzetu wa darasa walimzunguka, wakitaka kujua yeye ni kipi kati ya vile visanduku vyeusi, nao wakijitaja, mmoja baada ya mwingine, kwa aibu ya watu wanaojuana sauti tu. Alipeana nao mikono, hakusema mengi.

Mpaka leo hatujakubaliana kuhusu kujifunza mtandaoni. Mimi bado natamani darasa lenye madawati na mlango, mahali ambapo mwalimu anaweza kukuona umechoka. Yeye anasema kuna mlango, ila si kila mtu anaingilia upande mmoja. Nikibishana naye huwa nashindwa, na tasnifu yake aliimaliza kabla yangu, akiwa machungani kwa baba yake muda mwingi, akinitumia sura kwa sura.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni kurudi kwetu siku ile. Tulichukua treni, tukapata viti dirishani. Kwenye stesheni moja ndogo tulinunua samaki wa kukaanga kupitia dirishani, tukala na chumvi na pilipili, mikono ikinukia. Jua lilikuwa limeshuka, limelala juu ya mashamba, na kila kitu huko nje kilikuwa na rangi ya asali: nyumba, mbuzi, mwanamke anayekunja mkeka. Baada ya muda kichwa chake kiliegemea bega langu na akalala, kinywa wazi kidogo. Nilimshikia mkoba wake usianguke, nikabaki macho, nikisoma majina ya stesheni yanayopita, tusije tukapitilizwa Malampaka.